Kufuli la Uwanja wa Ngokolo

Uvumilivu uliniisha Jumanne, binti yangu Neema aliporudi goti limechunika. Alikuwa akifanya mazoezi ya mbio kando ya barabara, akaruka mtaroni kukwepa lori. Nikamshika mkono hadi uwanjani kwetu hapa Ngokolo. Getini kufuli. Ndani, kwenye njia ya wakimbiaji, malori yamepangwa kama stendi.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia mlinzi. "Watoto wakimbie wapi?"

"Marahaba, Mama Neema. Hapa si pa watoto kuchezea," mlinzi akasema. "Hapa ni uwanja."

Nyie wa rika langu mtanielewa. Uwanja huu ndio ulitulea. Jumamosi mpira, Jumapili mkutano wa injili, Idi watu wanaswali hapohapo, na mavuno yakiisha, ngoma. Tulijaza mifukoni michembe ya bibi, viazi vikavu vigumu kama mbao, tukatafuna hadi taya zinauma. Vikundi viwili vya ngoma vilianza kucheza kwa pamoja, kimoja goli hili, kingine goli lile. Jaji hakuna. Aliyevuta watu wengi ndiye kashinda. Basi sisi watoto mbio toka goli hili hadi lile, huku wachezaji wametoa chatu, kule mtu anapindukia hewani, vumbi hadi kooni. Mama alikuwa ananifokea, "Wewe mtoto, chagua upande usimame, utakanyagwa." Sikuchagua. Miguu yangu ilipata mbio hapo, hakuna mwalimu aliyenifundisha.

Wadogo zetu wa sasa wanachagua mshindi kwa kidole gumba kwenye simu, wamelala kwenye kochi. Mtume mmoja dukani, atakuuliza kama hakuna bodaboda. Tuwacheke, sawa, ila sisi tulikuta geti wazi. Neema wangu anataka kukimbia, mashindano ya shule ni mwezi ujao, na amekuta kufuli.

Nikawapitia akina mama wenzangu, tukaenda ofisi ya kata. Mtendaji akatutazama tulivyojaa mlangoni, akauliza malalamiko ni ya nani. Nikamwambia anipe karatasi. Nikaandika:

"Mimi Mama Neema, mkazi wa Ngokolo, nalalamikia uwanja wa wananchi kugeuzwa maegesho. Malori yatolewe kwenye njia ya wakimbiaji, na geti lifunguliwe kila jioni watoto wakitoka shule. Jibu nalifuata Ijumaa palepale getini. Mimi nitasimama upande mmoja, mwenye kufuli asimame upande wa pili, tuone nani atavuta watu wengi. Jaji hatuhitaji."