Nani Aliyempiga?

Fundi cherehani mmoja, ambaye mtaa mzima humwita Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, alipewa dakika tatu za kusema na dunia. Mkutano wa kimataifa kuhusu kemikali za sumu ulikuwa ng'ambo. Yeye alikuwa katika ofisi ya shirika la afya, mbele ya kompyuta, visikilizio masikioni. Mumewe aliketi kando, nje ya picha.

Masharti walikwisha kuwekeana nyumbani.

"Sema yote, ila mimi usinitaje. Na kiwanda usikitaje."

"Sasa nitaje nini, hali ya hewa?"

"Mkono huo ndio unaotulisha, mke wangu."

Huu ulikuwa mwaka wa tisa mumewe akiyeyusha betri kuukuu za magari kiwandani humo.

Zamu ya Sindano ikafika. Alisema polepole, kama alivyoelekezwa. "Binti yangu ana miaka sita. Kuhesabu vidole vyake kunamshinda. Vipimo vimeonyesha ana risasi kwenye damu."

Mwenyekiti akavua miwani, akasema neno, na sauti ya mkalimani ikamfikia Sindano. "Pole sana, mama. Mtoto anaendeleaje? Nani aliyempiga?"

Sindano akaelewa kosa la tafsiri. Mkalimani alikuwa amempiga mtoto kwa bunduki. Hakumlaumu; hata mama mkwe wake, siku ya majibu ya vipimo, alimvua mtoto gauni akitafuta tundu. Lakini zilibaki sekunde arobaini, na wakubwa wale walikuwa wakiandika habari za majambazi.

Angeweza kusema ni sumu tu, ipo hewani, hakuna ajuaye inakotoka. Alimtazama mumewe. Mumewe alitazama viatu vyake.

"Hakuna aliyempiga," alisema. "Ni risasi ya kwenye betri. Baba yake anaiyeyusha kiwandani, inarudi nyumbani kwenye shati lake. Mtoto humkimbilia mlangoni amkumbatie."

Picha ikahamia kwa mjumbe mwingine.

Afisa wa shirika akamsogezea karatasi. Maelezo ya maandishi yangepokelewa hadi jioni, na palikuwa na nafasi ya jina la kiwanda. Sindano akashika kalamu, asiandike.

"Umenitaja," mumewe alisema.

"Nimekutaja."

"Mbele ya dunia nzima."

"Waliuliza nani."

Mumewe akavuta kiti na kuichukua kalamu mkononi mwake.

"Lete hapa. Jina lile la kiwanda wewe huwa unalikosea herufi."