Sauti Iliyogoma Kusema Amina

Sauti yangu ilipoanza kuvunjika, mwalimu wa kwaya alinihamishia kwenye kinanda. Hakueleza sababu, ila kanisani kwetu Kirumba kila mtu aliijua: noti moja nilikuwa naitoa kama mwanaume, inayofuata kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Dada yangu, ambaye ni soprano na hana huruma, akaanza kuniwekea majani kwenye sahani.

Kwa hiyo nilikipenda sana kile kinanda. Ukikaa nyuma yake hakuna anayekudai uimbe.

Sasa, Jumapili moja katikati ya maombi nikawa natafuta sauti nyororo, nikabonyeza kitufe nisichokijua, ngoma za rumba zikaanza kulia kanisa zima. Mchungaji alikuwa anawaombea wafiwa. Mfiwa mmoja alitikisa bega, nilimwona.

Baada ya ibada mwalimu akaniita pembeni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Jumapili ijayo nataka sauti ya kumtuliza mtu. Itengeneze nyumbani, uje nayo tayari. Maombi yakianza, hugusi kitufe. Hata kimoja! Ukigusa, unarudi kwenye kwaya, kuimba sauti ya tatu. Mstari wa mbele."

Mstari wa mbele, jamani! Pale ambapo hata watoto wa Sunday school wanakuona koo.

Nikakibeba kinanda hadi kwetu, juu kabisa kwenye mlima wa mawe, nikafunga mlango. Nilichokuwa nakitafuta wapiga vinanda wanakiita padi. Ni sauti isiyo na mdundo wala haraka, inatandikwa chini ya maombi kama godoro. Nikachukua sauti mbili za noti ileile, moja nikaishusha kidogo sana, zikawa kama ndugu wawili wanaoimba pamoja huku mmoja bado ana usingizi. Papo hapo ikanenepa. Nikaukata ule ukali wa juu unaozunguka sikio kama mbu. Nikaichelewesha kuingia, ije polepole kama mtu aliyechelewa ibada na hataki mlango ulie. Mwisho nikageuza kitufe cha mkia, yaani muda ambao sauti inabaki hewani ukishainua vidole. Nikakigeuza kidogo, tamu. Nikaongeza, tamu zaidi. Nikakigeuza mpaka kikakataa.

Weee! Ilikuwa kama kuogeshwa kwa uji wa ulezi. Dada akasimama mlangoni na ndoo yake.

"Hii umetengeneza wewe?"

"Kwani kuna mwingine humu?"

"Siamini. Mbuzi hana vidole."

Tatizo ni moja tu: mwisho wa ule mkia sikuwahi kuusikia. Kila nikifanya mazoezi mama alikuwa anapita, anauliza, "Na vitabu anasoma nani?" kisha anachomoa waya ukutani.

Jumapili ikafika. Maombi yakaanza, nikaweka vidole, padi ikaingia. Kanisa likatulia kama ziwa asubuhi. Mwalimu akatabasamu, kitu ambacho sikujua uso wake unaweza. Nikasema moyoni, sauti ya tatu, kwaheri.

Kwetu mchungaji hasemi amina juu ya kinanda. Anasubiri kitue, ndipo naye atue. Aliposhusha sauti yake nikainua vidole.

Padi ikabaki palepale.

Mchungaji akadhani bado napiga, akaongeza wagonjwa. Padi ipo. Akawaombea wavuvi na dagaa zao. Akavuka daraja la Busisi, akawaombea watu wa Geita, akarudi. Akawaombea wanachuo wa Butimba. Akawaombea watakaooa na watakaokataliwa. Mambo yalipomwishia akaiombea maiki.

Mimi nimekaa, mikono mapajani, kama napigwa picha ya kitambulisho. Mwalimu, kule mbele, akafungua jicho moja, akapitisha kidole shingoni: kata! Nikamwinulia viganja: sijagusa kitu. Akaonyesha vitufe. Nikatikisa kichwa. Unikamate kwa ujinga? Sirudi mstari wa mbele mimi.

Kumbe mama alikuwa ameacha maharage jikoni. Nilimwona akiinuka kwenye benchi la akina mama, amejifunga khanga vizuri, anatembea taratibu, macho kayafumba nusu kwa heshima. Akafika nyuma yangu. Akainama. Akachomoa waya, kama nyumbani.

Ulikuwa waya wa kila kitu. Kinanda kikafa, spika zikakohoa, maiki ikazimika.

"Amina," akasema mchungaji kwa mdomo mtupu, na kanisa lote likaitikia kwa nguvu ya watu wenye njaa.

Mwalimu alinikuta nje.

"Sauti ni nzuri sana," akasema. "Nitaipiga mwenyewe."

"Lakini mwalimu, sikugusa kitufe!"

"Ndiyo. Na ndiyo maana unarudi sauti ya tatu."

Jumapili iliyofuata nilisimama mstari wa mbele, koo wazi kwa taifa zima. Mwalimu alikuwa ameufupisha mkia, akaitandika padi yangu chini ya kwaya. Ubeti wa pili sauti yangu ikavunjika kama kawaida, nikafumba macho nisubiri vicheko. Hakuna aliyegeuka. Padi ilikuwa imeimeza nusu.

Nusu nyingine aliisikia dada. Akaninong'oneza bila kuacha kutabasamu kisoprano:

"Leo mbuzi kavaa sweta."