Nyumba ya Damas Juu ya Magurudumu Manne

Lambert alipomruhusu mdogo wake Damas kuhamia nyuma ya nyumba yake mjini Likasi, alimpa sharti moja: asiweke tofali hata moja chini. Alikuwa amewaona watu waliojenga kibanda katika lupango, yaani kiwanja, la ndugu yao, kisha watoto wao wakaja kudai uwanja mzima.

"Ukae," alisema. "Lakini siku utatoka, pabakie kama vile palikuwa."

Damas alikuwa mchomeleaji wa vyuma katika karakana ya kiwanda. Hakubishana. Alitafuta tela kuukuu la lori, ekseli mbili na magurudumu manne, akalivuta mpaka nyuma. Juu yake alisimamisha fremu ya chuma, akaifunika mabati kwa nje na mbao kwa ndani. Urefu mita tano, upana mita mbili na sentimita kumi. Madirisha mawili, kitanda cha kukunjia ukutani, ngazi ya vidato vitatu. Mbabula, jiko la makaa, ilikaa nje. Marceline, mkewe, aliishi humo miaka tisa, na binti yao Tina hakujua nyumba nyingine.

Majirani walizoea kuwatania.

"Mama Tina, munatoka saa ngapi kwenda Kolwezi?" Josée wa lupango la pili aliuliza kila alipopita na ndoo.

"Dereva angali analala," Marceline alijibu. "Na weye haujalipa tiketi."

Damas alifariki mwezi wa tisa, baada ya wiki tatu za kuugua kifua. Siku ya arobaini ndugu zake walikuja kutosha kilio, yaani kumaliza matanga, na katika ukoo wao siku hiyo ndiyo ya kugawa vitu vya marehemu. Marceline aliijua kanuni yao. Nyumba iliyosimama ardhini haiguswi mjane akiwa ndani. Lakini chochote ambacho mwanamume angeweza kuondoka nacho, baiskeli, suti, vyombo vya kazi, hutolewa uani na kupewa ndugu.

Basi alitandika mkeka, akapanga suti mbili, viatu, redio na mashine ya kuchomelea. Baiskeli aliiegemeza kando. Ili wakwe wasiseme ameacha mali ya marehemu ioze, siku mbili kabla alikuwa amesugua mabati yote kwa sabuni. Na kwa kuwa gurudumu moja lilikuwa limepungua upepo na nyumba imeinama, alimwita mtu wa pampu akayajaza yote manne. Nyumba ilikaa sawasawa, ikang'aa.

Numbi, kitinda mimba katika ndugu zake Damas, mchimbaji wa Kamatanda, ndiye aliyeizunguka. Akalipiga teke tairi moja.

"Na hii?"

"Hiyo ni nyumba," Marceline alisema.

"Nyumba iko na mapine? Minye sijaona. Na yamejaa upepo, inangoja safari tu."

Watu wakacheka. Shangazi yao Christiane, aliyekuwa akigawa vitu, hakucheka. Alimgeukia Lambert.

"Lupango ni lako, sema weye. Damas alikuwa na nyumba hapa, ao hakuwa nayo?"

Marceline alisogea karibu na kaka huyo wa mumewe. "Mulamu," alisema kwa sauti ya chini, "useme tu kama ni nyumba. Sitaomba udongo. Nitatia sahihi mahali popote."

Lambert hakuwa mtu mbaya. Jeneza alilinunua yeye, na kwenye kaburi alilia kuliko wote. Lakini alikuwa na wana wanne, na lupango lilikuwa moja. Aliangalia viatu vya mdogo wake kwenye mkeka.

"Minye sikumupatia muntu nyumba hapa," alisema. "Ile iko tela."

Shangazi akampa Numbi.

Jumamosi Numbi alifika na trekta la kukodi kutoka Kapolowe. Mkewe Plamedie alikaa kando ya dereva. Marceline alikuwa kitandani, Tina ubavuni pake, mlango wazi.

"Mama Tina, mushuke."

"Shangazi alikupatia nyumba na mimi niko ndani," Marceline alisema. "Kwenu, mwenye kubeba kitanda cha marehemu anabeba na mujane. Utupeleke."

Plamedie alikuwa wa kwanza kujibu. "Kwangu mwanamuke wa pili haingii. Mimi ni muntu wa maombi. Numbi, ukimuvuta huyu, minye nashuka hapahapa."

Dereva alicheka. Numbi hakucheka. Aliazima kriki, jeki ya trekta, akaanza kunyanyua. Alifungua gurudumu moja baada ya jingine, akayarusha juu ya trekta, akaishusha nyumba ikalalia tumbo. Kona ya nyuma ilivunjika sakafu. Mlango ulipinda, ukabaki nusu wazi. Trekta likaondoka.

Lambert alitoka, akakizunguka kile chumba mara mbili. Matope ya mvua ya kwanza yalikuwa yameanza kuingia kwenye mpasuko.

"Mama Tina," alisema bila kumtazama, "sasa imekaa juu ya udongo wangu."

"Mpaka lini, mulamu?"

"Mwisho wa mwezi."

Ilikuwa tarehe ishirini na saba. Marceline alimtuma Tina kwa Josée kuazima toroli, akaanza kushusha mapazia.