Mtoto Aliyenyonya kwa Bibi

Bibi yangu mzaa mama alizaa watoto wengi, akanyonyesha wengi zaidi ya aliowazaa. Hapo kwetu Kiegeani, siku hizo Wajerumani wamekishika kisiwa chetu, mwanamke akifa uzazini au akilazwa na homa, kichanga chake kililetwa nyumbani kwetu. Bibi hakuuliza cha nani. Aliuweka kando ukili wa mkeka aliokuwa akisuka, akanyoosha mikono, akakipakata. Mama alikuwa akisema kwamba vilio vya watoto wa watu vilimfukuza babu chumbani mpaka akahamia barazani. Babu hakunung'unika, maana mbele ya Bibi hakuna aliyenung'unika akapata faida.

Lakini maziwa ya mama si uji wa kumpa kila apitaye. Mtoto mchanga akinyonya kwako akashiba, ikafika mara tano, huyo amekuwa wako. Wanao ni ndugu zake, na binti za wanao hawawezi kuolewa naye kamwe. Kwa ajili hiyo Bibi alikuwa na desturi yake. Kila aliponyonyesha mtoto wa mwenzake, alimbeba mpaka kisimani asubuhi, wanawake wamejaa na mitungi yao, akamwinua juu na kusema, "Huyu sasa ni wangu. Mtazameni vizuri, msije mkasema hamkuambiwa." Nao walimtazama, wakaenda kuwaambia waume zao, na habari ikawa imekwisha.

Sitaki kumsifu kwa uongo. Alikuwa mkali, mrefu, mwenye sauti ya kukatisha maneno ya watu. Aliwazika waume watatu na watoto wake karibu wote. Minazi aliyorithi kwa baba yake aliisimamia mwenyewe, na mwangushaji nazi aliyeficha dafu moja alijuta. Alinifundisha kusuka ukili wa mikeka, na jioni akiuona umepinda aliufumua wote mbele ya macho yangu, kisha akanipa chakula changu kilichokuwa kingi kuliko cha wenzangu. Nilimpenda kuliko nilivyompenda mama, na mama alilijua hilo.

Nilipokuwa mwari ndani ya nyumba, alikuja kijana kufua nazi katika shamba la Bibi. Kwao palikuwa hapa hapa, lakini wazazi wake walihamia Miburani yeye angali mtoto mdogo sana, kwa hiyo kwetu alikuwa kama mgeni. Nilimchungulia kupitia ufa wa ukuta wa jikoni. Alikuwa akiimba kila alipopiga nazi juu ya kifuo, na aliimba vibaya kupita kiasi. Nilimpenda hivyo hivyo. Naye alijua kuna jicho ukutani, maana alipofika mwisho wa wimbo alikuwa akigeuka upande wa jiko kabla hajaanza mwingine.

Posa ikaja. Wazee wake walikuja na maneno mazuri, baba akaridhika, mama akaanza kutafuta kanga za kuniwekea. Ilibaki Bibi kusema neno lake, kwa sababu nyumba ile haikutoa mwari bila yeye. Bibi akasema, "Ngojeni mpunga uvunwe." Siku zile nilimwona akivaa kanga zake nzuri na kwenda Miburani kwa miguu, peke yake, kwa mama wa yule kijana. Alirudi amechoka. Baadaye akaenda tena. Mimi nilidhani anapatana mambo ya harusi yangu, nikawa nachekacheka ovyo jikoni.

Mpunga ulipovunwa, Bibi aliwaita baba, mwalimu wa chuo chetu cha Kurani, yule kijana na mama yake. Mimi nilikaa nyuma ya mlango.

"Kijana huyu nimemnyonyesha mimi," Bibi alisema. "Nilimnyonyesha pamoja na kitinda mimba wangu. Mamake alikuwa na jipu la ziwa, na mtoto wake wa mwanzo alikuwa amekufa. Watu walikwisha anza kusema maziwa yake yana kisirani. Akanishika miguu nisimpeleke mtoto kisimani, asizidi kusemwa. Nikamwonea huruma, nikanyamaza."

Mwalimu akauliza taratibu, "Mara ngapi, Bibi?"

"Aliletwa vuli inaanza. Alipoondoka, masika yalikuwa yamekatika. Hesabu wewe."

Mama wa kijana akasema si kweli, ni mara moja au mbili tu, naye Bibi amekuwa mzee, watoto wa watu wanamchanganya. Nilimwombea dua yule mama kwa moyo wangu wote. Mwalimu akamtaka Bibi aape.

"Siapi," Bibi akasema. "Sitamfanya mwenzangu mwongo mbele ya watu. Wewe mwenzangu, mtazame huyo mtoto wako usoni, kisha sema tena ulivyosema."

Yule mama alimtazama mwanawe. Alijifunika uso kwa kanga, akalia, akasema kwamba Bibi alimjia mara mbili kumsihi aseme mwenyewe, lakini tangu posa ilipoanza alikuwa akijipa moyo kuwa Mungu atasamehe, maana kijana alikuwa amekwisha nipenda.

Nilitoka nyuma ya mlango mbele ya wanaume, bila haya. "Bibi, kwa nini hukusema siku ile? Kwa nini wengine wote uliwapeleka kisimani?"

"Nilikosea, mjukuu wangu," akasema. "Kosa ni langu, na hasara ni yako."

Hayo tu. Sijapata kumsikia akiomba radhi kwa mtu mwingine, wala mimi sikuipokea. Nililia mpaka macho yakavimba, na kila aliponikaribia niligeukia ukutani.

Sasa tazama mambo ya dunia. Yule mtu ambaye ilinibidi kumchungulia ukutani, kuanzia siku ile aliruhusiwa kuingia nyumbani kwetu kama mtoto wa nyumba. Alikuwa ndugu wa mama yangu kwa kunyonya, yaani mjomba wangu. Ningeweza kukaa naye mkeka mmoja, kichwa wazi, nikamtania kama watu wanavyowatania wajomba zao. Naye alikuja kweli. Alimwita Bibi "Mama", akamletea samaki, akamwezekea paa lilipovuja. Wanawake wote wa nyumba walimzoea upesi. Mimi peke yangu, kila nilipomsikia akibisha hodi, nilivuta kanga nikajifunika, yakabaki macho.

Bibi aliona. Mara moja tu aliniuliza, "Mbona wajifunika kwa mjomba wako?"

"Nasikia baridi," nikajibu, na jasho linanitiririka mpaka kidevuni.

Hakuniuliza tena. Alifahamu maana yake: kila nilipojifunika nilikuwa nikisema kwamba yule hakunyonya kwake, kwamba neno lake silikubali. Watu wote walikuwa wakilisikiliza neno la Bibi, na mjukuu aliyempenda alikuwa akilikanusha kwa kipande cha nguo. Nikaolewa na mtu mwingine, mtu mwema asiye na makuu, nikazaa. Nilipokuja kumwamkia Bibi na kumkuta yule kijana yupo, bado nilijifunika.

Vikaja vita vya Wazungu. Mwana wa kiume wa pekee aliyembakia Bibi alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi huko bara, hakurudi wala hatukuletewa habari. Baba alikuwa amekwisha fariki. Bibi alikaa akimngoja mwanawe, kisha akaacha kumtaja, kisha akaacha kula. Alifariki alasiri, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama.

Kesho yake asubuhi tulimwosha. Aliyesimamia alikuwa mwoshaji mzee kutoka kijiji kingine, asiyezijua habari zetu. Mimi nilikuwa nikimimina maji, kanga imefungwa kifuani, nywele wazi na zimelowa. Tulipomvika sanda, uso ukaachwa wazi ili wanawe wamuage.

"Yupo mtoto wake wa kiume?" mwoshaji akauliza. "Au nifunge?"

Mama alikuwa amejikunyata pembeni, hawezi kusema. Hapo hodi ikabishwa. Alikuwa yule mfua nazi wa zamani, amesimama nje ya pazia. Wanawake wageni wakavuta nguo zao upesi, na mwoshaji akaenda kuziba mlango.

"Huyu mwanamume ni nani wake?" akauliza.

Mama akanitazama. Wote wakanitazama. Kanga yangu ya kichwani ilikuwa juu ya kitanda, karibu na mkono wangu.

"Mwanawe," nikasema. "Alimnyonyesha. Mpishe aingie."

Akaingia, akapiga magoti, akambusu Bibi kwenye paji la uso, akakaa hivyo muda mrefu huku mabega yakitikisika. Alipoinua macho alinikuta nimesimama mbele yake.

"Shikamoo, mjomba," nikamwambia.

Alifuta uso kwa kiganja, akainuka. Mwoshaji akafunga sanda. Mjomba akashika kichwani, mimi nikashika miguuni, tukamnyanyua Bibi tukamlaza juu ya jeneza, na nywele zangu zikiwa wazi.