Maneno ya Wimbo wa Wapagazi

Kwa miaka mingi nimetunga maneno ya nyimbo za maigizo hapa Tabora. Muziki haukuwa wangu. Ulikuwa wa mwenzangu, mwalimu wa kwaya aliyeishi karibu na stesheni. Alipiga kinanda huku akiimba la-la-la, nami nikatafuta maneno ya kukaa humo. Siku ya onyesho watu walimpigia makofi yeye na waimbaji. Mimi nilikaa benchi la nyuma, midomo ikicheza bila sauti.

Igizo letu kubwa lilihusu wapagazi waliobeba pembe kutoka huku hadi pwani. Niliandika, “Imenimaliza barabara,” yaani njia imemchosha mtu. Lakini muziki wake ulilikaza neno la mwisho mahali pasipo pake, ikasikika kana kwamba mpagazi amemalizwa sawasawa. Waimbaji wakacheka. Nikamwomba abadilishe noti moja tu, akakataa. Nikaliondoa neno, na kwa siku kadhaa tukasalimiana kwa kichwa.

Alifariki mwaka juzi. Kwenye mazishi kwaya iliimba nyimbo zetu, na aliyesoma wasifu akasema zote marehemu alizitunga mwenyewe. Mjane wake aligeuka akanitazama. Niliinamisha kichwa. Msibani si mahali pa kudai.

Baadaye nikasikia kuna kwaya Igunga inaonyesha igizo letu. Nikapanda basi, sikumuaga mtu, maana hakuna wa kumuaga. Ukumbini niliketi karibu na mama mmoja mzee. Nikamwamkia, “Shikamoo.” Akaitikia marahaba, akanisogezea nafasi.

Ulipofika wimbo wa mke wa mpagazi, anayesonga ugali wa watu wawili ilhali yuko peke yake, yule mama alianza kulia. Alijifuta kwa ncha ya kanga.

“Maneno haya ni ya zamani sana, mwanangu,” aliniambia. “Bibi yangu alikuwa akiyaimba.”

Niliyatunga mimi, jikoni kwangu, mwaka ule nilipofiwa na mume. Nilimuuliza bibi yake alikuwa mtu wa wapi. Akasema wa Ziba, na kwamba mumewe aliondoka na msafara, hakurudi, naye hakuolewa tena.

Neno lilinifika mdomoni. Nikamtazama yule mama, nikalimeza.

“Aliimba vizuri bibi yako,” nikasema.

Akanishika mkono, hakuuachia mpaka wimbo ulipokwisha. Kisha wajukuu zake wakaja kumchukua.

Nilirudi Tabora siku ya pili. Njiani nilifurahi, tena furaha kubwa kuliko ya makofi yoyote niliyowahi kuyasikia. Nilipofungua mlango ndipo ilipokatika. Habari kama ile ilikuwa na mtu mmoja wa kuielewa, mwenzangu wa kinanda, naye hayupo. Niliinjika maji ya chai, nikaketi kusubiri yachemke.