Pikipiki Isiyojua Kwenda Polepole

Pikipiki yangu ilikuwa na tabia moja. Ukiikimbiza inaimba. Ukipunguza mwendo inakohoa, inakutikisa mpaka meno yanagongana, halafu inazima. Mimi hilo halikunisumbua, dawa yake niliijua: usipunguze. Hata nikisimama kijiweni, pale Ifakara tunapongojea abiria, mkono wa kulia haupumziki, napiga resi vuu, vuu. Wenzangu walidhani najidai. Kumbe nikiachia tu, inakufa.

Nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe, ndiyo maana. Ekzosi, bomba la moshi, nilikata ili ilie. Kabureta yake, kile kidude kinachochanganya petroli na hewa, niliitoa nikafunga ya pikipiki kubwa. Sasa mdomo wa hiyo kubwa haukukaa vizuri kwenye injini, ukabaki unachezacheza. Nikafanya kama tunavyofanya wote huku bondeni: nikakata utepe wa tyubu kuukuu, nikaviringisha, nikakaza. Huku kwetu tyubu inafunga gunia la mpunga, inafunga mlango, inafunga kuku wa kuuza, kitanda kikilegea inafunga. Kabureta ni nani isifungwe?

Shida ilianza bibi yangu, mama yake mama, alipotolewa mtoto wa jicho. Daktari alimfunika jicho, akasema asiiname, asibebe kitu, vumbi lisimguse, asitikiswe hata kidogo. Halafu akanitazama mimi, nimeshika kofia ngumu mkononi. "Na hasa wewe," akasema.

Bibi akakaa kwangu, chumba kimoja. Mwanzoni tulicheka. Yeye ananiita mume wangu, mimi namwita mke wangu, ndiyo utani wetu tangu sijaota jino. Halafu jirani yake wa Idete, kijijini kwake, akapiga simu: ndege wameshuka kwenye mpunga wa bibi, wengi kama wingu, na yeye jirani ana shamba lake la kulinda. Basi, tangu hapo hakuna aliyekaa. Nikiamka namkuta kitandani, mfuko mapajani, kavaa viatu.

"Mume wangu, umenifungia ndani kama mwali."

"Mke wangu, subiri kidogo, natafuta usafiri."

"Usafiri? Na hilo linalolia hapo nje ni mbuzi?"

Bajaji haivuki ile njia ya mwisho, imejaa mashimo na tope. Pikipiki za wenzangu zote ziko mashambani, ni mavuno, nani atakuazima? Nikamwambia hivyo. Akasema, "Kesho usiponipeleka, nasimama barabarani nadaka kijana yeyote."

Vijana wa barabarani nawajua. Wanaendesha kama mimi.

Asubuhi nikampeleka kwanza kwa fundi, rafiki yangu tuliyesoma naye mpaka la saba. Nilimtembeza bibi kwa miguu, naikokota pikipiki pembeni, watu wanauliza kama nimeishiwa mafuta. Nikamweka bibi kwenye benchi chini ya bati.

"Shikamoo bibi," fundi akasema.

"Marahaba baba. Itengeneze hii iende kama mtu mwenye akili."

Fundi akasikiliza kidogo tu. "Plagi hiyo, mwanangu." Akabadilisha plagi. Ikawaka, ikakohoa, ikazima.

"Sailensa iko chini," akasema, yaani ule mngurumo wa pikipiki ikiwa imesimama, hujashika mafuta. Akazungusha skrubu kuupandisha. Sasa haikuzima, ila ilinguruma kama inataka kupaa, na nilipoingiza gia iliruka mbele nusura igonge benchi la bibi. Nikairudisha nyuma huku jasho linanitoka.

"Unataka kuniua kabla ndege hawajanimaliza?" bibi akauliza.

Fundi akafungua kabureta, akapuliza vitundu vyote kwa mdomo, akatema petroli. Safi kabisa. Akaifunga tena na tyubu yangu ileile. Ikakohoa vilevile. Mimi nilikuwa nazunguka lile gereji kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jua linapanda, vumbi linaanza, na kule mpunga unaliwa.

"Kuna panya," bibi akasema.

"Wapi?"

"Humo kwenye pikipiki. Analia."

Tukacheka mpaka fundi akashika nguzo. "Bibi, panya atakaaje kwenye moto?"

"Wewe una macho mawili lakini huna masikio. Zima redio hiyo."

Tukazima redio, kwa heshima tu. Pikipiki inakohoa, na katikati ya kukohoa, kweli, kuna kitu kinalia. Fyii. Fyii. Kasauti kembamba. Fundi akaacha kucheka. Akainama, akasogeza sikio mpaka nikaogopa litaungua. Kisha akachukua chupa ya maji ya bibi, akamwagia kidogo pale kwenye utepe wa tyubu.

Pikipiki ikatulia. Ikalia tuk, tuk, tuk, taratibu, kama pikipiki ya padri. Maji yakaisha, ikaanza tena kukohoa.

"Panya wako huyo," fundi akaniambia. "Hewa inaingia kwa wizi hapa. Ukiwa kasi petroli inaingia nyingi, huoni kitu. Ukimwaga kikombe cha maji kwenye sufuria la harusi, nani atajua? Ila mwaga kwenye uji wa mtoto mmoja. Umeharibu."

Tukakaza tyubu upya, mizunguko mingi mpaka ikavimba kama kidonda. Ikakaa vizuri. Nikaruka kwa furaha, nikampandisha bibi. Hatujafika barabarani injini ikapata moto, tyubu ikalainika, fyii. Ikanitikisa mara moja tu, nikazima mwenyewe. Nikahisi mikono ya bibi imenishika mbavu kwa nguvu.

"Jicho?" nikauliza.

"Lipo. Shuka uniteremshe."

Tukarudi kwa fundi. Mimi nilijua la kufanya. Kabureta ya zamani, ile ndogo, ilikuwa nyumbani kwangu kwenye kopo la maziwa, pamoja na mpira wake wa dukani unaoiunga na injini. Nikakimbia kuichukua. Wakati tunaifunga, wawili wa kijiweni wakapita na magunia, mmoja akapaza sauti, "Oya, unairudisha iwe baiskeli?" Nikamjibu, "Nampeleka mke, wewe endelea kulala na mpunga." Ila iliniuma. Ile kabureta kubwa niliiona pale chini kwenye mafuta machafu, nikageuza uso.

Ikawaka kwa teke la kwanza. Nikaachia mkono. Haikuzima.

Tulitoka Ifakara kwa mwendo ambao mbwa wa watu walitupita. Bibi kajifunika kanga uso mzima kwa ajili ya vumbi. Kila shimo nalikaribia, napunguza, pikipiki inashuka tuk, tuk, inapanda tuk, tuk. Kiganja changu kilikuwa kinawasha, kinataka kuvuta. Nyuma yangu bibi naye kachoka.

"Mume wangu, tunazika nani? Ongeza."

"Daktari kasema."

"Daktari hana shamba."

Sikuongeza. Sijawahi kufika Idete kwa kuchelewa vile, wala sijawahi kuiona ile njia. Kumbe kuna kanisa pale kwenye kona.

Tulipofika pembeni ya shamba nikaiacha ikiunguruma, nikamteremsha kama yai. Akafunua kanga, akatazama. Upande mmoja mashuke yalikuwa yamesimama matupu, upande wa pili bado mazito. Wingu la ndege likainuka kutoka katikati, likazunguka juu yetu, likaenda kutua kwa jirani.

"Wameogopa nini?" nikauliza.

Bibi akaigeukia ekzosi yangu, ile niliyoikata mwenyewe. Nikanyoosha mkono kuzima.

"Usizime!" akasema. "Isogeze kule kwenye tuta. Iache ilie hivyohivyo."

"Bibi, petroli."

"Si inajua kusimama sasa? Basi isimame."

Nikaisogeza kwenye tuta. Nikakaa pembeni yake, mikono yote miwili haina kazi, sijui niiweke wapi.