Mume Wangu Kanizawadia Kompyuta Mpya, Kioo Changu cha Kuchorea Kikafa

Admin, jina langu weka kapuni, na ukiona mahali nimetukana punguza, maana nimeandika nikiwa na hasira. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nimeolewa, tunaishi Manyoni mjini na binti yetu mmoja. Kazi yangu ni kuchora. Nachora picha za vitabu vya watoto, zile za sungura na bibi na ng'ombe mnazowaonyesha wanenu. Ndiyo, kuna mtu anazichora, na anaweza kuwa jirani yako.

Nachorea kwenye kioo. Ni kama televisheni ndogo unayoilaza mezani, unachora juu yake kwa kalamu yake na mstari unatokea pale pale chini ya ncha. Nilikinunua kimeshatumika, kizee, kampuni iliyokitengeneza ilishaachana nacho. Kinataka kompyuta ya zamani yenye tundu la waya wake mnene na programu yake ya zamani, basi. Nilihangaika nacho mpaka nikakijulia: waya nimeufunga raba usicheze, kompyuta siiunganishi na mtandao isije ikajibadilisha yenyewe. Juu ya kompyuta nilibandika karatasi ya maandishi mekundu, ISIGUSWE. Mume wangu nilimweleza haya mara nyingi hadi akawa ananiigiza mbele ya wageni.

Sasa sikilizeni. Siku ya kipaimara ya binti yetu watu wa ukweni wote walikuja kutoka Kiomboi, watu wamejaa, MC kashika kipaza sauti. Mume wangu akampa mtoto zawadi yake, halafu akasema hata mama wa mtoto hajasahauliwa. Ikaletwa kompyuta mpya, nyembamba, imefungwa utepe. Vigelegele vikapigwa. Nikapiga magoti nikapokea, nikashukuru, na sitawadanganya, nilifurahi. Kabla sijainuka akaendelea kwamba ile ya zamani anampa mdogo wake, mwalimu huko Kiomboi, na ameshaiweka kwenye gari. Watu wakapiga makofi. Ningesema nini? Kwao kitu kikishatajwa mbele ya wazee kimeenda, na mke anayekidai anakuwa ameaibisha ukoo. Nikabaki natabasamu kama mjinga.

Hiyo kompyuta mpya haina hata tundu moja linaloingia waya wangu. Nikaagiza kiunganishi Dodoma. Kioo kikawaka, nikagusa na kalamu, mstari ukatokea kule, umbali wa kidole kizima. Hebu jaribuni kuchora jicho la sungura namna hiyo. Nikashusha programu za kila aina, zikakataa. Nikaiandikia kampuni, wakanijibu kwa upole mwingi kwamba kifaa hicho hakihudumiwi tena, ninunue kipya. Ahsanteni sana. Kitabu nilikuwa nimefika nusu, mhariri akavumilia akachoka, akampa mchoraji mwingine. Sungura wangu anamaliziwa na mtu baki.

Nilimwambia mume wangu kwa utaratibu kabisa, nikamwomba tumpe mdogo wake hii mpya, yangu irudi. Akawaka. Kwamba nimemdharau yeye na zawadi yake, na hapo hapo akampigia mama yake, simu kaiweka spika. Wakahamia Kinyiramba wakidhani sielewi. Miaka yote hii kwenye ndoa, naelewa. Mama mkwe alisema wanawake wenzangu wanapewa kanga wanashukuru, mimi nimepewa kompyuta najifanya mzungu.

Nikaona isiwe tabu, nikampigia shemeji mwenyewe, yule mwalimu. Ni kijana mstaarabu, hana neno na mtu. Akasema, "Shemeji, mle hakuna kitu. Kaka aliniambia nikifika tu niipeleke kwa fundi aifute yote. Nikamuuliza, na hii karatasi ya isiguswe? Akasema ibandue, nimechoka kushindana na kioo ndani ya nyumba yangu."

Kumbe mume wangu alikusudia. Mimi nilikuwa namtetea moyoni, nasema maskini hajui mambo ya kompyuta. Anajua vizuri kuliko fundi. Nilimpigia magoti mtu anayenikata mkono, na watu wakapiga vigelegele.

Shemeji aliirudisha kompyuta kwa basi bila kumwambia yeyote. Ile programu nayo nimeipata mtandaoni, kwa watu wanaotunza vifaa vilivyosahauliwa. Siku mstari uliporudi chini ya ncha nililia. Sasa nachorea kwenye chumba cha nyuma cha saluni ya rafiki yangu. Mume wangu alipoona kioo hakipo mezani aliuliza kama nimekitupa. Nikampakulia chakula. Siku hiyo alikula vizuri, akaongeza na ugali.

Jumapili kuna kikao. Ukweni wanakuja, natakiwa nipike, kisha nipige magoti nimwombe mume wangu radhi kwa kuidharau zawadi. Nikiomba, nitachora kwa kujificha kama mwizi mpaka nizeeke. Nikisema ukweli, namchongea shemeji kwa kaka yake, na huyo ndiye pekee kwenye ukoo ule aliyenitendea kama mtu. Mwenyewe nimemuuliza, kasema, "Sema tu shemeji, mimi nitasimama." Lakini ni mdogo, na kaka yake ndiye aliyemsomesha.

Wale wa "vumilia dada, ndoa ndivyo zilivyo", piteni tu. Nyie wengine niambieni: nipige magoti yaishe, au nije na kioo changu, nikiweke mezani katikati ya masahani, nikiwashe, halafu nimwambie mume wangu arudie mbele ya mama yake yale aliyomwambia mdogo wake? Jibuni upesi, kuku wa kikao wameshaletwa na nimeambiwa niwaandae mimi.